Kasha la Kinanda si Kabati la Vyombo

Barua ya wazi kwa kamati ya ujenzi wa kikanisa cha chuo

Ndugu Mwenyekiti, Mama Katibu, na wajumbe wote wa kamati,



Nimeuona mchoro mlioubandika karibu na mlango wa kikanisa. Nimeusoma hadi maandishi madogo ya pembeni, na tangu hapo sijatulia. Kwa msomaji ambaye hajapita mlangoni hapo, habari yenyewe ni hii. Chuo kimepewa kinanda cha mabomba na kanisa moja la Ulaya lililofungwa kwa kukosa waumini. Mabomba, mivukuto na meza ya mpigaji vitakuja ndani ya makreti. Kasha lake halitakuja, maana ni refu kuliko dari ya kikanisa. Badala yake fundi wa makabati atatengeneza boksi la MDF, alibandike karatasi yenye sura ya mbao, aweke wavu wa alumini mbele ili sauti ipite, kisha juu wakae malaika wawili wa jipsamu, na katikati yao nembo ya chuo yenye taa za rangi.

Sitataja jina la chuo. Sina nia ya kumwaibisha mtu, na najua mmetoa jioni zenu kwa kazi isiyo na posho. Naandika hadharani kwa sababu makanisa ya Ulaya yanaendelea kufungwa, vinanda vyao vinatafuta pa kwenda, na kamati nyingine zitakaa mezani mbele ya swali hilihili. Ombi langu ni fupi: wekeni mchoro huo kando kabla hamjalipa hata senti nyingine. Anzeni upya, mkianza na mabomba yenyewe, na kazi ya nakshi mpeni fundi wa pwani.

Nieleze kwa nini nasema muanze na mabomba. Katika kinanda cha namna hii kila kitu huamuliwa na urefu. Bomba lililo wazi juu, linalotoa do ya chini kabisa kwenye vitufe vya mkono wa kushoto, lina urefu wa karibu mita 2.4. Panda oktava moja, bomba linakuwa nusu ya hapo. Panda nyingine, nusu ya nusu. Makanisa makubwa yana mabomba ya mita 4.9 na hata ya karibu mita 10, lakini hayo hayatuhusu. Dari yenu haiyawezi. Linalotuhusu ni kwamba mabomba ya mbele ukiyapanga kwa zamu, hili kushoto, lile kulia, yanajichorea miteremko yao bila kumwuliza mchora ramani. Mafundi wa kale wa Ulaya waliifuata miteremko hiyo. Mabomba manene waliyakusanya katika minara iliyotokeza mbele, mara nyingi mitatu au mitano, na yale membamba wakayasimamisha katika sehemu bapa kati ya mnara na mnara. Midomo ya mabomba, pale upepo unapokatika ukawa sauti, nayo ikafanya mstari wake unaopanda na kushuka, kwa kuwa miguu ya mabomba waliipa urefu tofauti kwa makusudi.

Sasa inueni macho juu kidogo. Ukingo wa juu wa kasha umenyooka, vichwa vya mabomba havikunyooka. Kati yake panabaki pengo, mara nyingi la pembetatu, na pengo hilo halipendezi: linaonyesha giza la ndani, vumbi, na vichwa vya mabomba vilivyokatwakatwa wakati wa kurekebisha sauti. Nakshi ya kasha ilipata kazi yake katika pengo hilo. Mchongaji alipewa ubao wa umbo la pengo, akachonga majani, mizabibu na matunda, akatoboa katikati ya majani ili jicho lizuiwe na sauti ipite. Ukubwa wa jani ulitegemea ukubwa wa pengo, na ukubwa wa pengo ulitegemea bomba. Hakuna aliyekaa chini akasema tuweke pambo hapa kwa sababu panaonekana patupu.

Ndiyo maana malaika wenu wa jipsamu wananisumbua. Siwachukii malaika, makasha mengi ya Ulaya yana malaika wenye tarumbeta juu ya minara. Lakini wale wamesimama juu ya mnara, na mnara umesimama kwa ajili ya bomba nene lililo chini yake. Wenu wamekaa juu ya boksi la mraba. Waondoeni kesho, hakuna kitu kitakachobadilika isipokuwa bili ya fundi jipsamu.

Kasha lenyewe, hata bila nakshi, ni sehemu ya chombo. Linatakiwa liwe na mgongo, mbavu na paa la mbao nzima, na lisiwe na kina kirefu. Sauti ya mabomba ikigonga mgongo na paa hurudi mbele, ikachanganyika ndani kabla ya kutoka, ndipo msikilizaji wa benchi la mwisho asikie kinanda kimoja badala ya mabomba mia kadhaa yanayolalama kila moja kivyake. Ubao mwembamba wa kubandika hutetemeka noti nene zinapopigwa, na wavu wa alumini utaimba nao bila kuombwa. Kila aliyewahi kufunga spika kubwa kwenye ukumbi wenye madirisha ya alumini anajua ninachosema.

Kuna jambo zito zaidi, nalo halionekani kwenye mchoro. Mabomba ya chuma hutengenezwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi haipatani na mvuke wa asidi. Katika kanisa la St. Jakobi mjini Lübeck, Ujerumani, kuna kinanda cha Friedrich Stellwagen cha karne ya 17. Mabomba yake yalionekana yanaliwa. Watafiti wa nchi kadhaa za Ulaya walipoungana kuchunguza, katika mradi ulioongozwa kutoka Göteborg, Uswidi, miongoni mwa wakosaji walimkuta mwaloni, yaani mbao za kinanda chenyewe, zilizokuwa zikitoa mvuke wa asidi ya siki. Ikiwa mti mzima unaweza kufanya hivyo, sembuse MDF, ambayo ni unga wa mti ulioshikwa na gundi yenye fomaldehaidi? Watunza makumbusho wameacha zamani kuweka vitu vya risasi ndani ya makabati ya mbao za namna hiyo. Nyinyi mnataka kuyafungia humo mabomba yaliyovuka bahari, katika joto la pwani, bila kiyoyozi. Na masika ikifika, MDF hiyohiyo itafura chini kama ilivyofura milango ya maktaba yenu. Nimeiona.

Kuhusu joto na gundi, kuna kisa ninachowaomba mkisikilize kwa sababu kinahusu watu wa fani. Mwaka 1599 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alimpelekea Sultani Mehmed wa Tatu zawadi ya kinanda chenye saa, kinachojipiga chenyewe, chenye sanamu za wapiga tarumbeta, na juu yake kichaka chenye ndege wanaoimba na kupiga mabawa. Gharama walibeba wafanyabiashara waliotaka biashara na Uturuki. Zawadi za namna hii huwa na mkono nyuma yake. Fundi aliyetumwa nacho aliitwa Thomas Dallam, mtu wa Lancashire, na aliandika safari yake mwenyewe. Makreti yalipofunguliwa Istanbul, gundi ilikuwa imeachia kwa joto la ndani ya merikebu, na baadhi ya mabomba yalikuwa yamebonyea. Kazi ilibidi ifanywe upya pale pale, na bado alifanikiwa kukipiga mbele ya Sultani. Watumishi wa jumba wakamshawishi abaki. Akawaambia ana mke na watoto nyumbani wanaomngoja. Hakuwa na mke wala mtoto.

Kreti zenu nazo zitapita Bahari ya Shamu, kisha zitakaa bandarini siku ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu mapema. Kwa hiyo fremu ya kasha isitegemee gundi. Iungwe kwa ulimi na tundu, ikazwe kwa vigingi vya mti, kama fremu za milango mikubwa ya pwani, ambayo imekula chumvi na jua miaka zaidi ya mia na bado inafungwa kwa mkono mmoja.

Dallam huyohuyo aliporudi Uingereza alipewa kazi katika kikanisa cha King's College, Cambridge. Alifika na watu wake mwaka 1605, wakakaa chuoni zaidi ya mwaka mzima wakijenga. Hapo ningependa mkae na mimi kidogo, kwa sababu na chenyewe ni kikanisa cha chuo, ingawa neno kikanisa linakidhulumu: kina urefu wa karibu mita 88, na dari lake la mawe, lililokamilishwa mwaka 1515 chini ya fundi mkuu John Wastell, limetandazwa kama vipepeo vikubwa vya kupepea vilivyopangwa safu. Katikati ya jengo kuna ukuta wa mbao uliowekwa katika miaka ya 1530, wenye herufi za Mfalme Henry wa Nane na malkia wake Anne Boleyn. Malkia alikatwa kichwa mwaka 1536. Herufi zake zimebaki, mchongaji hakurudi kuzikwangua. Juu ya ukuta huo ndipo linapokaa kasha la kinanda, la mwaloni uliokolea weusi, lenye minara na mabomba yaliyopakwa dhahabu. Kasha kubwa huhesabiwa kuwa la wakati wa Dallam, ingawa mikono mingine imeligusa baadaye. Lile dogo lililo mgongoni mwa mpigaji ni la Lancelot Pease, la mwaka 1661.

Naomba mtazame mambo mawili hapo. Kwanza, kasha halikuiga jengo. Dari ni la mtindo wa Gothiki, lenye mbavu nyembamba zinazopaa. Kasha ni la mtindo uliokuja baadaye, lenye kingo nzito zilizolala na nakshi za majani. Mchoro wenu unasema boksi litakuwa na "tao za kikanisa" ili lifanane na madirisha. Si lazima lifanane. Likipimwa vizuri kwa mabomba na kwa upana wa ukuta, litakaa. Pili, vilivyo ndani ya kasha lile vimebadilishwa mara nyingi. Karakana ya Harrison & Harrison ya Durham ilijenga upya mwaka 1934, ikarudi kufanya kazi kubwa nyingine mwaka 2016. Upepo ulibadilika, mitambo ikabadilika, mabomba yakaongezwa na kupunguzwa. Uso ukabaki. Mkiniuliza ni sehemu gani ya kinanda mnayowajengea wajukuu wenu, nitawajibu kuwa ni hiyohiyo mnayotaka kuifanya kwa MDF.

Namjua mzee mmoja katika usharika wetu ambaye akisoma hapa atatikisa kichwa. Amekwisha niambia baada ya ibada: mapambo ni ubatili, fedha ziende kwa maskini. Hoja yake ni ya kale, na watu wenye nguvu kuliko yeye wamewahi kuitekeleza. Tarehe 9 Mei 1644 Bunge la Uingereza, likiwa vitani na mfalme, lilitoa agizo kwamba vinanda viondolewe makanisani na kuharibiwa, na agizo halikusahau kutaja fremu na makasha yake. Robert Dallam, mtoto wa Thomas, alihamia Brittany, Ufaransa, akajenga huko. Kinanda alichokuwa amekijenga mwaka 1631 kwa ajili ya kikanisa cha Magdalen College, Oxford, hakikuvunjwa. Kilichukuliwa kwenda jumba la Hampton Court, kwa Oliver Cromwell mwenyewe, kiongozi wa upande ule ule uliokataza vinanda kanisani. Baadaye kilirudi Oxford, na mwaka 1737 kikauzwa Tewkesbury, ambako kasha lake na mabomba yake ya mbele yaliyofinyangwa mapambo bado yapo. Simcheki Cromwell. Alipenda muziki, na hakuona tatizo kuusikiliza sebuleni.

Kwa mzee wangu nina jibu la kawaida zaidi. Hesabu nani analipwa. Jipsamu, karatasi ya kubandika, wavu na taa za rangi vinatoka kwenye kontena, na faida inarudi vilikotoka. Ujira wa mchonga nakshi unalala Unguja, Lamu au Tanga, kwenye nyumba yenye watoto wa shule, na mara nyingi na kijana mmoja anayejifunza kushika patasi. Tukisema maskini, tumjumuishe na huyo.

Sasa nije kwenye nakshi yenyewe, maana hapa ndipo nina hofu mtaruka kutoka shimo moja mkaangukia lingine. Mkikubali kumwita fundi wa pwani, msimwambie "tuwekee mlango wa Zanzibar juu ya kinanda". Hoteli zimeshafanya hivyo kwa kila kitu: kichwa cha kitanda, kaunta ya baa, fremu ya kioo cha chooni. Mlango wa pwani una mantiki yake. Una miimo, una kizingiti cha juu kilichobeba nakshi nzito kuliko zote, una mfaa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Kila pambo limekaa mahali penye kiungo au penye mwisho wa mbao. Mchongaji anayelijua hilo hatahitaji kufundishwa kasha la kinanda. Atauliza: kiungo kiko wapi, ukingo unaishia wapi, pengo ni la ukubwa gani? Ni maswali yale yale ya fundi wa Ulaya.

Na majani ni yale yale, karibu. Wachongaji wa pwani kwa vizazi wamechonga waridi, yungiyungi, matawi ya mtende, mawimbi, na mizabibu inayojikunja bila kuonyesha ilianzia wapi. Milango ya zamani ina vizingiti vilivyonyooka. Ile ya tao iliongezeka mwishoni mwa karne ya 19, mkono wa mafundi wa Kihindi ukionekana. Wengi wa wachongaji wa pwani walikuwa na bado ni Waislamu, na kuchonga sura ya mtu hakumo katika desturi yao. Kwetu hilo ni baraka. Msimlazimishe fundi achonge malaika atakayemchonga bila raha. Nakshi ya kutoboa, ya majani matupu, ndiyo inayohitajika juu ya mabomba, na ndiyo anayoiweza kuliko mtu yeyote. Nakshi hiyo ni ya pwani na ni ya kinanda kwa wakati mmoja, na hakuna haja ya kuongeza ngoma, ramani ya Afrika wala twiga ili watu wajue tuko wapi. (Ndiyo, twiga nimemwona pia, kwenye ukurasa wa pili wa mchoro.)

Pambo moja la milango ningeliacha. Ni mnyororo, ule unaozunguka fremu kwa nje. Waongoza watalii huueleza kila mmoja kwa hadithi yake: mwingine husema ni ulinzi wa nyumba, mwingine husema mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Sitaingia katika ubishi huo. Lakini Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, lilijengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, na ndani yake kuna kinanda kilichotoka karakana ya Henry Willis, Uingereza. Kanisa la ukanda huu lenye historia hiyo haliwezi kuchonga mnyororo kuzunguka kinanda chake kisha likasema ni urembo tu.

Nikiwa hapo, kuna jambo la vitufe. Vinanda vingi vya zamani vina vitufe vyeupe vilivyovishwa pembe za ndovu. Katika karne ya 19 miji miwili midogo ya Connecticut, Marekani, Deep River na Ivoryton, ilikuwa ikikata pembe kwa ajili ya vitufe vya piano na vinanda, na sehemu kubwa ya pembe hizo zilipitia Unguja, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara hadi mwambao. Kwa hiyo chombo tunachokiita cha Wazungu kimekuwa na jasho la wapagazi wetu tangu zamani. Waulizeni wafadhili kama vitufe vyao ni vya pembe. Kama ni vya pembe, havivuki mpaka bila kibali cha kimataifa, hata viwe na umri gani, na kreti nzima inaweza kukwama forodhani kwa sababu ya vitufe hivyo tu. Afadhali vibadilishwe huko huko kabla ya kufungashwa. Vile vyeusi, pamoja na vishikizo vya kuvuta sauti, vingetengenezwa kwa mpingo wa Kilwa, mti uleule ambao viwanda vya Ulaya huununua kwa ajili ya klarineti. Ni kazi ndogo na fundi yeyote wa kukereza anaiweza.

Mbao za kasha zisiwatie wasiwasi. Mninga hautikisiki sana na mabadiliko ya unyevu, na unachongeka vizuri. Mvule mchwa hawaupendi, kwa hiyo unafaa chini, penye kugusa sakafu. Msaji wa mashamba ya Longuza upo hapa hapa Muheza. Mninga kwa nakshi, msaji kwa fremu, mvule kwa msingi; hivyo ndivyo ningeagiza mimi. Lakini mti wowote mtakaouchagua, mbao zikauke kweli na zipate hewa ya kutosha kabla mabomba hayajaingia. Kisa cha Lübeck kisidhaniwe ni cha mwaloni peke yake.

Mchoro wenu hauna milango ya kasha, nami nasema iwepo. Mjini Sion, Uswisi, katika kanisa la Valère lililo juu ya kilima, kuna kinanda cha karne ya 15, miongoni mwa vya kale kabisa duniani vinavyopigika. Kasha lake limening'inia ukutani na lina mbawa mbili za kufunga, zenye michoro pande zote. Huko walifunga kwa sababu za ibada na za vumbi. Sisi tuna sababu ya tatu, nayo inakaa juu ya dari ya kikanisa chenu na kutoka kila magharibi. Mkojo wa popo unakula chuma. Milango miwili ya mbao nyembamba, yenye mfaa katikati kama desturi, inayofunguliwa kabla ya ibada na kufungwa baada yake, itawaokolea mabomba ya mbele. Upande wa ndani wa milango ndiyo mahali pa kupaka rangi, mkipenda. Hapo mchoraji wa sanaa kutoka chuoni kwenu apewe nafasi, maana nakshi ya nje haihitaji rangi, inahitaji mafuta tu.

Mnaweza kuuliza nani awe juu ya nani: mchora ramani, fundi wa kinanda, au mchongaji. London, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Christopher Wren alitoa vipimo vya kasha kwa jicho la msanifu majengo, na Bernard Smith aliyejenga kinanda alijikuta ana mabomba yasiyo na pa kukaa. Wren alikataa kuliongeza kasha. Walikuwa watu wawili wakubwa kuliko sisi sote, na waligombana kwa sababu hakuna aliyewakalisha pamoja mapema. Nyinyi ni kamati. Kuwakalisha watu pamoja ndiyo kazi yenu.

Kwa hiyo wiki hii mwandikieni fundi atakayevunja kinanda kule Ulaya. Mwombeni orodha ya mabomba ya mbele, kila moja na urefu wake na unene wake, na picha za nakshi za kasha la zamani. Kama vipande vya nakshi hizo bado vipo, avifungashe hata kama fremu inabaki. Havitatosha hapa, lakini mchongaji wetu ataviona kwa mkono, na mkono wa fundi hujifunza kwa kugusa. Orodha ikifika, mchora ramani apange mabomba kwenye karatasi kabla hajachora ubao hata mmoja. Kisha aitwe mchongaji, apewe chumba chuoni na chakula cha bwalo kwa muda wote wa kazi, kama Dallam alivyokaa Cambridge. Mimi nitakuja siku mtakayonitaka, kwa nauli yangu.

Fundi wa makabati mliyekwisha kumlipa kianzio msimnyang'anye kazi. Kinanda kitahitaji rafu za vitabu vya nyimbo, na benchi la mpigaji, na chumba cha mota ya upepo nyuma ya ukuta, ambako MDF haitagusa bomba lolote. Malaika wa jipsamu, kama wamekwisha kuagizwa, wapelekeni ukumbi wa chakula. Na ile nembo yenye taa za rangi iwekeni langoni, ambako wageni hupotea usiku.

Wenu katika huduma,
Mpiga kinanda mstaafu, usharika wa jirani